Mi na fa kwa pamoja: barua kwa Mangi wa Pasua

Sakina, Arusha
Julai, baridi imetukaba

Mangi,

Habari za Pasua? Huku tuko salama, ila asubuhi vidole vinakufa ganzi. Rekodi yako ya screamo, huu muziki wetu wa magitaa makali na mayowe, imesikilizwa mara nne. Mkono upo, hasira ipo, lakini gitaa linaunguruma kama mashine ya kusaga. Unauliza ununue pedali kali zaidi? Hapana. Punguza hiyo uliyonayo.

Distosheni, yaani ule mkwaruzo wa pedali, haikuzi sauti tu, inazalisha na noti za ziada ambazo hukuzipiga. Noti mbili zinazopatana, kama oktava (noti ileile, moja chini moja juu), au do na so, hata vitoto vyake vinapatana. Kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, yenye noti nne zinazogombana inazaa ugomvi juu ya ugomvi mpaka unabaki na uji, na screamo inaishi humo humo kwenye kodi zinazogombana. Weka geini (kiasi cha mkwaruzo) kwenye 4 kati ya 10, besi 4 ili mpiga besi apate pa kukaa, midi (sauti za kati) 6 au 7, trebo (sauti nyembamba) 5. Wanaozima midi kabisa wanafurahi wakiwa peke yao chumbani. Dramu zikiingia, gitaa halisikiki tena.

Tyuningi, yaani kupanga nyuzi. Shusha uzi wa 6 (ule mnene) kutoka noti ya E hadi D. Upige pamoja na uzi wa 4, usikilize lile wimbi la wau-wau-wau. Likipungua kasi hadi kutulia, umefika. Ila usimalizie kwa kulegeza: pitiliza chini kidogo, halafu kaza upande, vinginevyo uzi utaendelea kushuka katikati ya wimbo. Seti ya nyuzi ya 10 kwa 46 (ndio unene, wembamba hadi mnene) inalegea ikifika D, ukichapa kwa nguvu noti inapanda kwanza kisha inashuka. Seti yenye uzi wa 6 wa 52 inatulia. Ukikaza ukasikia "kik!" karibu na vichwa vya kukazia, uzi unakwama kwenye kile kipande cha plastiki chenye mifereji. Chora ndani ya mifereji kwa penseli, risasi yake inalainisha.

Sasa kodi yenyewe. Kidole cha shahada uzi wa 3 freti (chumba kati ya vyuma vya shingo) ya 5, cha kati uzi wa 2 freti ya 6, nyuzi nyingine zote wazi. Kuanzia uzi mnene unapata D, A, D, C, F, E. Hizo mbili za mwisho, F na E, ni majirani wa ukuta mmoja: mi na fa, do ikiwa C. Ukizishikilia pamoja kwenye kwaya, mwalimu anasimamisha mazoezi. Sisi ndizo tunazozitafuta. Donoa uzi mmoja mmoja: 6, 3, 2, 1, 2, 3, bila distosheni, volyumu ya gitaa ikiwa kwenye 3. Kidole cha kati kipinde kama ndoano. Kikigusa uzi wa 1, E inakufa na kilichobaki ni kodi ya kawaida ya harusini.

Mwenzako wa gitaa la pili apige nyuzi za 6, 5 na 4 kwa kidole kimoja: wazi, freti ya 8, ya 3, ya 10. Yaani D, Bb (B iliyoshushwa nusu), F, C, mzunguko ambao kanisani mmeuchosha. Wewe usibadilishe kitu, endelea kudonoa vilevile. Akifika Bb, E yako inachachuka. Akifika C, E inakuwa mwenyeji na F ndiyo mgeni. Umeshika kodi moja, lakini inasikika kama nne. Wanaoanza wanatafuta kodi ngumu kumi na kusahau kwamba kinachobadilisha maana ni besi chini yake.

Mkono wa kulia ndio wenye kazi ndefu. Piki, kile kipande cha kuchapia nyuzi, iwe ngumu, milimita 1 au zaidi, ncha ichungulie milimita 3 hivi tu. Piga chini-juu kwa kifundo cha mkono, pale unapovaa saa, si kwa kiwiko. Weka metronomu (kifaa cha kuhesabu mwendo) kwenye 80 kwa dakika, mapigo manne kwa kila hesabu, dakika nzima, distosheni ikiwa imezimwa maana inaficha uchafu. Ikitoka safi bila mkono kukakamaa, ongeza 5. Ukifika 160 unatosha kuandika karibu chochote. Mkono ukiwaka moto ndani ya sekunde ishirini, unabana piki. Mtu akiivuta inatakiwa itoke bila kugombana.

Mwendo huo unaupeleka kwenye oktava, ambazo ndizo zinazobeba melodia katika muziki huu. Shahada uzi wa 5 freti ya 5, kidole cha pete uzi wa 3 freti ya 7: D na D. Uzi wa 4 uzibwe na tumbo la shahada, wa 6 na ncha yake, na nyuzi mbili nyembamba zizibwe na shahada hiyo hiyo ikiwa imelala. Chapa zote sita, zisikike mbili. Kwenye rekodi yako uzi wa 4 ulikuwa wazi muda wote, ndiyo ile D iliyokuwa inang'ang'ania kila ulikokwenda.

Kupanga wimbo, fikiria dansi. Kule wimbo unaanza taratibu, watu wanasikiliza maneno, halafu chemko, ile sehemu ya kasi ya kucheza. Hapa unaweza kuanza na chemko, ukaliua ghafla, ukabaki na kudonoa peke yake, kisha ukarudi na kitu kizito kwa mwendo wa nusu. Hakuna kiitikio cha lazima. Dakika moja na nusu hadi mbili na nusu zinatosha. Sehemu ya kasi irudiwe mara tatu badala ya nne, msikilizaji ajikwae. Na kabla ya mlipuko, nyamazeni wote kwa hesabu nne. Kimya hicho kina uzito kuliko pedali ya bei yoyote.

Maneno andika kwa Kiswahili. Muziki ulichipuka San Diego mwanzoni mwa miaka ya 1990, lakini Envy wa Tokyo wanaimba Kijapani na Raein wa Italia Kiitaliano, na hakuna anayewadai tafsiri. Kiswahili kinakupa zawadi: mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwenye "nimechoka", chapa kodi pale pale kwenye "cho". A na O zinabeba ukelele mrefu, I na U zinabana koo. Koo likianza kuwasha, acha siku hiyo. Sauti ni somo la barua nyingine.

Umeme, usipuuze. Ukigusa nyuzi muungurumo ukapungua, mara nyingi ni kelele tu ambazo gitaa linazidaka hewani. Lakini mdomo ukigusa maiki huku umeshika nyuzi ukahisi kutekenywa, zima kila kitu: kuna kifaa hakina waya wa ardhi, na hiyo si ya kuvumilia. Adapta ya pedali iwe ya volti 9, na kwa pedali nyingi hasi iko katikati. Angalia mchoro kabla ya kuchomeka.

Ukirekodi tena, simu ikae mita 3 kutoka kwenye amplifaya, juu ya kitenge kilichokunjwa, isitazamane na spika. Ile ya mwanzo uliiweka juu ya amplifaya yenyewe, nusu ya mikwaruzo ni ya simu.

Ukija Jumamosi njoo na adapta yako, ya hapa inaunguruma. Na mwambie mpiga dramu ajifunze kunyamaza hesabu nne, sio tatu na nusu.

Wako,
wa Sakina