Salamu za Mfungo Tatu: Kisu Kikali, Damu Yenye Mipaka

Idi Mubarak, ndugu zetu. Taqabbala Allahu minna wa minkum.

Leo ni 10 Mfungo Tatu (Dhul-Hijja), visu vinanolewa kila mtaa, na huenda hakuna siku inayofaa zaidi kuzungumzia damu. Siku kama ya leo, mwaka wa 10 Hijria, Mtume (S.A.W.) aliwauliza mahujaji pale Mina, karibu na Makka: hii ni siku gani, mwezi gani, mji gani? Kisha akawaambia damu zao, mali zao na heshima zao ni haramu kuguswa, kama ulivyo utukufu wa siku hiyo, mwezi huo na mji huo.

Hata mbuzi ana haki yake. Katika hadithi ya Shaddad bin Aus aliyoipokea Imamu Muslim, mchinjaji ameamrishwa anoe kisu na ampumzishe mnyama. Basi nolea kando asikione, wala usimchinje mwenzake mbele yake. Kisu butu ndicho kinachoharibu kazi: mtu anakereza shingo kama anapasua mbao, koo la pumzi na la chakula hayakatiki upesi, mnyama anateseka bure. Na aliyechinja kabla ya sala ya Idi amepata kitoweo tu, udhiya (sadaka ya kuchinja ya Idi) hana.

Dini inayomstahi mbuzi hivyo, gaidi ameitoa wapi ruhusa ya kumimina risasi kwenye basi la abiria?

Ameitoa kwenye aya zilizokatwa. Kijana anatumiwa kwenye simu sura ya Tawba aya ya 5, "waueni washirikina", basi. Haonyeshwi aya ya 4 inayowatoa waliotimiza mapatano yao, wala ya 6 inayoamuru mshirikina akiomba hifadhi apewe, kisha afikishwe mahali pa salama. Anasomewa Baqara 191, ila 190 inarukwa, maana ndiyo inayosema piganeni na wanaowapiga vita na msivuke mipaka. Mipaka yenyewe Khalifa Abubakar alimhesabia kamanda wake Yazid bin Abi Sufyan alipokuwa akimpeleka vitani Sham (Syria na jirani zake): asiue mwanamke, mtoto wala mzee, asikate mti wa matunda, asibomoe makazi. Na hayo ni ya jeshi lenye amiri na dola. Anayevizia wasafiri njiani mafakihi hawamwiti mujahidi. Wanamwita muharib, yaani jambazi anayewapiga vita watu, na hukumu yake imo Maida 33, mara tu baada ya aya inayosema kuua nafsi moja bila haki ni kama kuua watu wote.

Tarehe 21 Desemba 2015, huko Mandera, Kenya, Al-Shabaab walisimamisha basi wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Huyo ndiye aliyeielewa Mina.

Sasa turudi kwenye nyama. Ngozi msimlipe nayo mchinjaji, mpeni ujira wake mbali. Abdullah bin Amr alipochinjiwa kondoo nyumbani kwake aliuliza: mmempelekea jirani yetu Myahudi? Kwa udhiya ya sunna, isiyo ya nadhiri, Imamu Nawawi ameona inafaa kumpa asiye Mwislamu, ingawa baadhi ya wanazuoni wa madhehebu yake ya Shafi waliokuja baadaye walikataa. Aliye na shaka achinje mbuzi wa pili wa kawaida, au apeleke sahani ya pilau. Muhimu ni mlango wa jirani ugongwe leo, kabla chakula hakijapoa.

Kulla aam wa antum bikhair.