Barua kwa wanakwaya wa Misa ya Kiswahili kuhusu Majilio

Tumsifu Yesu Kristo, wanangu.

Nawaandikia nyinyi mnaoimba Misa za Kiswahili Kampala na kandokando yake: wa Arua, wa Busia, ndugu zetu Wakongomani, na watoto waliokulia kambini kwa wanajeshi. Novemba ikikaribia kuisha huwa nasikia mazoezi yenu, na neno ninalo. Dominika ya kwanza ya Majilio, yale majuma ya kuingojea Noeli, haijafika, nyimbo za Noeli zimeshaiva. Madukani zinapigwa mapema, nanyi mmezidakia hukohuko. Ikifika usiku wa tarehe 24, hata mtoto wa mgongoni amezichoka.

Zizuieni kidogo.

Majilio yana dominika nne na yana nyimbo zake. Kwa muda huo Kanisa linauweka kando ule wimbo wa Utukufu kwa Mungu, isipokuwa siku kubwa kama ile ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, tarehe 8 Desemba. Aleluya inabaki. Maagizo ya Misa yanataka kinanda na vyombo vingine vipigwe kwa kiasi, ili furaha kamili ya kuzaliwa kwa Bwana isitangulizwe. Wapo wanaoyaona haya ni masharti ya wazee wasio na kazi. Lakini mtu aliyekaa wiki hizo bila Utukufu, akausikia usiku wa Noeli kengele zikilia na ngoma zikiingia, hahitaji kuambiwa kwamba jambo limetokea. Asiyeukosa hata dominika moja, padri atamhubiria mpaka koo limkauke. (Kuhusu ile kibodi yenye midundo ya kubonyeza sisemi sana. Mnajua ninavyoiona.)

Basi mwimbe nini? Chukueni maneno ya Isaya 45:8, nabii anapozisihi mbingu zidondoshe na mawingu yamwage haki. Msianze na noti. Mmoja ayasome polepole, wengine mkae kimya, kisha mjiulize ni haki gani mnaomba inyeshe hapa kwetu: ya mjane aliyenyang'anywa kibanja, kipande chake cha ardhi, au ya kijana wa bodaboda anayelala rumande na kesi yake haijasomwa. Baada ya hapo ndipo mwalimu awape sauti. Mtaona besi, ambao siku zote wanakimbilia mwisho wa mstari, wanakawia wenyewe kwenye neno lile, na pumziko linalofuata halitakuwa tena nafasi ya kukohoa. Waamini watalisikia. Hakuna haja ya mtangazaji kusimama na kusema, "Sasa tutafakari."

Kuna hazina nyingine tunaipita kila mwaka kwa sababu wiki hiyo kila mtu anafunga mizigo ya kijijini. Kuanzia tarehe 17 hadi 23 Desemba, katika Masifu ya Jioni, ile sala ya Kanisa ya machweo, wimbo wa Bikira Maria huwa na antifona, kiitikio kifupi, inayomwita Kristo kwa jina jingine kila siku: Hekima, Bwana, Shina la Yese, Ufunguo wa Daudi, Mapambazuko, Mfalme wa Mataifa, Emanueli. Ile ya tarehe 20, ya Ufunguo, inamwomba aje amtoe gerezani mfungwa aliyekaa gizani. Mkipata ruhusa ya kwenda kuimba gereza la Luzira, pelekeni hiyo kwanza. Za nyota na wachungaji zitafuata. Na wimbo wenyewe wa Maria msiuimbe kama bembelezo. Binti yule anasema wenye njaa wameshibishwa mema na wenye mali wameondolewa mikono mitupu. Hayo yanataka sauti iliyosimama.

Wengine mmeniuliza kama inafaa kujisumbua na Kiswahili, nchi yenyewe bado inakiona ni lugha ya askari. Tarehe 31 Januari 1885, Makko Kakumba, Yusufu Lugalama na Nuwa Serwanga, vijana wa misheni ya Kianglikana, walichomwa moto Busega kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Inasimuliwa kwamba walikwenda wakiimba wimbo waliofundishwa misheni kwa Kiswahili, wa kusifu kila siku. Mahali kama pale hakuna wa kukufungulia kitabu. Kwa hiyo ninaposema mjue maneno kwa moyo kabla ya sauti nne, sitanii.

Najua pia kwamba majira haya vijana hupotea mazoezini kwa ajili ya nsenene, wale panzi wa kuliwa. Tegeni, na mimi mniletee, lakini mkirudi msiulize tumefika ukurasa gani.

Mtakaosafiri, nakilini nyimbo mwende nazo. Vigango vingi vya kijijini vina sauti nzuri na hawana mwalimu. Mtakaobaki mjini, Noeli haiishi tarehe 25. Inaendelea mpaka Ubatizo wa Bwana, na dominika zile kanisa huwa tupu, mwimbaji mmoja na katekista. Msiogope uchache. "Usiku Mtakatifu" uliimbwa kwa mara ya kwanza Oberndorf, Austria, tarehe 24 Desemba 1818, na wanaume wawili na gitaa, kwaya ikiitikia mwisho wa beti. Nyinyi mkiwa sita mna utajiri.

Alhamisi nitakuja mazoezini. Tutaanza na Isaya, na kibodi ibaki stoo.

Mzee wenu wa besi,
Kampala