Daraja tu hilo, baba

Mkoani, Pemba

Salim mwanangu,

Assalaam alaykum. Picha yako imefika, mama'ko kaionesha mtaa mzima. Umesimama, ule moshi wa maji wa Mosi-oa-Tunya, hayo maporomoko ya Victoria, unafuka, maashallah. Lakini mimi jicho langu limekwenda pembeni, kwenye upinde wa chuma uliotanda juu ya korongo. Nilipokuuliza kwa simu ukanijibu, "Daraja tu hilo, baba, la kuvukia Zimbabwe."

Daraja tu!

Chuma chake kilitengenezwa Darlington, Uingereza, kikaja kwa meli hadi Beira, kisha kikapanda treni. Cecil Rhodes, yule bepari mkoloni wa Kiingereza aliyeota reli ya Cape mpaka Kairo, ndiye aliyetaka lijengwe karibu na maporomoko, ati mabehewa yakipita yarushiwe manyunyu. Akafa 1902 bila ya kuliona. Huyo mwache na tamaa zake, mimi nawataka mafundi.

Walianza ng'ambo zote mbili, kila nusu ya upinde ikijisogeza hewani kuifuata mwenziwe, mita 128 juu ya Zambezi. Pandanisha minazi mirefu mitano ndiyo ufike. Mwisho wa Machi 1905 wakataka kuziunganisha, wakakuta chuma kimezidi inchi moja na ushei. Kipimo hawakukosea, jua la mchana ndilo lililokitanua. Fundi mwenye pupa angeshika msumeno. Wale wakaacha, wakaenda zao kulala. Usiku ukakipoza chuma, na asubuhi ya Aprili 1 kikakaa mahali pake.

Hapo nilikumbuka ule mlango wa Mwambe, wewe ulikuwa mdogo. Nilimtilia bwana mmoja mlango wakati wa kaskazi, jua kali, nikaubana hata karatasi haipiti, nikajiona fundi kweli. Masika ilipoingia, mbao zikanywa maji zikavimba, bwana na mkewe wakafungika ndani mpaka nikaitwa na patasi yangu. Watu kumi wamejaa uani, kila mtu ana la kusema. Tangu siku hiyo mlango nauachia nafasi ya kupumua.

Na lile la Agosti 1975 walikwambia? Mpaka wa Rhodesia, ndiyo Zimbabwe ya leo, na Zambia umefungwa, basi likaegeshwa behewa katikati ya daraja: Smith, waziri mkuu wa Rhodesia, na watu wake wakae upande wao, wapigania uhuru upande wa Zambia, Rais Kaunda wa Zambia na Vorster, waziri mkuu wa Afrika Kusini, wasuluhishi. Hawakuafikiana. Sisi wa huku tuliozeekea kwenye miafaka ya siasa hatushangai.

Sasa ukipata mapumziko hapo hotelini, nenda alfajiri. Nasikia mpakani wanatoa karatasi ya kuingia darajani na kurudi. Wale wanaojirusha kwa kamba, mita 111 kwenda chini, waache wajirushe wenyewe, na mama'ko asisikie kama kitu hicho kipo. Nipigie picha za ribiti, zile pini nene zinazoshikanisha vyuma, kwa karibu kabisa. Kisha shika chuma kwa kiganja, urudi tena adhuhuri ukishike pale pale, unambie tofauti yake.

Halua ya Wete nimempa jirani anayekwenda Dar, kopo mbili. Moja ya wenzako wa jikoni.

Baba'ko