Santuri za wazee zitafutiwe sanduku kabla hazijateremka mlimani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na wenzangu wa Moshi na Arusha kuhusu santuri, maana Desemba ndo hiyo inakuja, watu watapanda nyumbani Machame, Marangu, Kibosho na Rombo, nyumba za wazee zitafunguliwa zifanyiwe usafi, na kwenye usafi huo kila mwaka kuna santuri zinatolewa chumba cha nyuma. Mwenye kuzijua anasema hizi nakwenda nazo mjini. Hapo anakuwa amefanya jambo la maana sana, ila shida inaanza hapo hapo, zinatupiwa kwenye kiroba au kwenye boksi la mafuta ya kupikia, zinalazwa kwenye buti, na zikifika mjini nusu hazichezi tena.

Mimi napiga zilipendwa kwenye ubarikio, sendoff na sherehe za wazee, kwa hiyo wikiendi nyingi niko barabarani na santuri, Moshi Arusha, Arusha Moshi. Na watu wakija kuniuliza huwa wanauliza playa gani nzuri, sindano gani nzuri, spika gani, sanduku hakuna anayeuliza. Playa inanunuliwa nyingine jamani. Mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe ametutoka tangu 1979, hatarudi studio kuturekodia upya.

Tuelewane kwanza santuri inaumia vipi, maana sanduku ni jibu la hayo. Nyingi tulizonazo ni za vinaili, ile LP kubwa ya inchi 12 ilianza kuuzwa 1948 na singo ya inchi 7 inayozunguka mara 45 kwa dakika ikafuata 1949. Vinaili ni plastiki, haiozi, mchwa haiwezi, ukiitunza inakuzika wewe na inawabakia wajukuu. Kitu haikiwezi ni joto. Ikifika kama nyuzi 60 hivi inaanza kulegea, na ikishalegea inafuata umbo la chochote kinachoikandamiza au inapinda yenyewe tu. Sasa gari lililofungwa vioo likaachwa juani Moshi mwezi wa pili, pale stendi au nje ya kanisa, juu ya dashibodi joto linafika huko bila shida. Unaingia ibadani santuri nzima, unatoka zimejikunja.

Baada ya joto ni uzito. LP moja na kava lake ni kama gramu 250, unaona si kitu, lakini zikiwa mia ni kilo 25, na ukizilaza zikapandana zile za chini zinabeba mzigo huo wote miaka na miaka. Ndo maana santuri husimamishwa, hazilazwi. Na zisimame wima kweli, zikiegama ubavu nazo zinapinda pole pole. Unyevu wenyewe hauigusi sana plastiki, unamaliza kava na lebo, na ukungu ukiota kwenye mifereji ya santuri sauti inakwaruza mwanzo mpaka mwisho. Wenye nyumba za migombani wanajua masika inavyofanya nguo kabatini, santuri ziko humo humo.

Sasa nije kwenye tranka la bati, maana ndo kila mtu anakimbilia hilo, lile la shule. Kibosho mzee mmoja alinifungulia lake, kalitunza vizuri tu, chini ya kitanda, kufuli ipo, panya hajaingia hata siku moja. Ila matranka mengi ni mafupi kwenda juu, ukisimamisha LP kifuniko hakifungi, kwa hiyo alikuwa amezilaza, na kitako cha lile tranka kina ule mkunjo wa bati katikati wa kulipa nguvu. Tulipofika ya chini kabisa tukaitoa kwenye kava, kava lenyewe limegandana na la juu yake mpaka karatasi ikabanduka, na santuri ina alama ya ule mkunjo kutoka ukingo mpaka ukingo. Tukaiweka kwenye playa, sindano ikawa inapanda na kushuka kama mtumbwi kwenye mawimbi, kwenye mkunjo inaruka. Bendi ya Morogoro, upande mzima umepotea. Mzee hakuzembea hata kidogo, alichagua kitu kigumu kama kila mtu anavyoshauri. Ugumu wa nje tu hautoshi. Halafu bati jembamba likikaa juani linakuwa oveni, na asubuhi za Juni na Julai Arusha ukiligusa kwa ndani unakuta limetoa jasho.

Ninachoshauri mimi ni sanduku la plaiwudi la kutengenezesha kwa fundi seremala. Mafundi tunao, Moshi na Arusha kote, wanachokosa ni vipimo, kwa hiyo navitoa hapa mtu akate kipande hiki cha gazeti ampelekee.

Kava la LP ni sentimita 31 na nusu kila upande. Upana wa ndani uwe 33, ndani nimesema, fundi akipimia nje umeliwa. Kimo cha ndani 33 na nusu au 34, ili kifuniko kikifungwa kisiguse vichwa vya makava. Urefu kwenda nyuma ndo watu wanaharibu, wanataka liingize zote mara moja. LP mia zinakula kama sentimita 35 mpaka 40, na hapo ushafika kilo 25 bila sanduku lenyewe, nani atalipandisha hilo kwenye Coaster? Kwa sanduku la kubeba chukua sentimita 25, zinaingia kama sitini, kilo 15 na zaidi kidogo, sanduku lenyewe linaongeza kilo 3 au 4, mtu mzima anabeba bila kuumia mgongo. Ukiwa na santuri nyingi tengenezesha masanduku mawili matatu, usifanye moja kubwa.

Plaiwudi iwe milimita 9 kuta na 12 kitako. MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, kataa hata kama fundi anakwambia ni laini na inapendeza, ni nzito na ikinyeshewa inavimba na skrubu zinaachia. Mninga mzuri sana ila uache ukae sebuleni, kwa kubeba unakuua. Mbao ya saiprasi inafaa ikiwa imekauka, na mbao nyingi unazouziwa hazijakauka, baada ya miezi kadhaa sanduku limepinda na kifuniko hakikai. Kona zipigwe gundi na skrubu, misumari peke yake hapana, njia zetu za kule juu zinaijua kazi ya kulegeza misumari.

Mishikio iwe miwili, mmoja kila ubavu, na ifungwe kwa bolti inayopita mpaka ndani ikakutana na nati na washa pana. Mshikio wa skrubu fupi utang'oka siku limejaa, na haung'oki sanduku likiwa mezani, unang'oka ukiwa unashuka kwenye gari. Zile nati za ndani zifunikwe, funika na kapeti jembamba au sponji ngumu, la sivyo kila ukivuta LP ya pembeni kava linachanika kidogo kidogo. Kifuniko kiwe na mdomo unaoshukia kwa nje ya sanduku ili mvua ikinyesha maji yateremke yasiingie, ukipata ile sponji ya kuzibia milango bandika kuzunguka, vumbi la kiangazi nalo unakuwa umelizuia. Chini weka miguu, wanaotengeneza katambuga watakukatia vipande vya tairi, sanduku lisigusane na sakafu, maana unyevu na mchwa vyote vinaanzia chini, mchwa hawali vinaili lakini makava ni chakula chao, na sanduku pia.

Likishapigwa vanishi usiwe na haraka. Liache wazi kibarazani mpaka harufu iishe kabisa kabisa, ndo uweke kitu ndani.

Santuri zikiwa chache kuliko nafasi, jaza nafasi. Kipande cha sponji ya godoro au maboksi yaliyokatwa saizi ya kava, lengo zisimame bila kuegama, lakini pia usizibane mpaka ukivuta moja zinatoka tatu, vidole viwe na pa kupita. Vile vipakti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye boksi la viatu vipya msivitupe, weka viwili vitatu humo wakati wa masika.

Naomba nikae kidogo kwenye singo, maana hapa kwetu hazina kubwa haiko kwenye LP. Bendi zetu nyingi miaka ya 60 na 70 zilitoka kwenye singo, zile zilizotoka Nairobi na Mombasa, na nyingine ukiikosa hapo hapo ulipo huipati tena. Wanamuziki ndugu wa Kinyonga kabla hawajawa bendi ya Simba Wanyika huko Kenya walikuwa hapa hapa Arusha na bendi ya Arusha Jazz, mwanzoni mwa miaka ya 70, kwa hiyo hatuongelei historia ya mbali, ni ya mtaani kwetu. Singo ukiitia kwenye sanduku la LP inazama, inaegama, inazunguka humo ndani njia nzima, na nyingi hazina hata kava la maana, ni karatasi iliyoliwa kona au haina kabisa. Zitengenezee sanduku lao, upana wa ndani sentimita 19, kimo 20, urefu hata 35 sawa tu kwa sababu ni nyepesi, na kila moja ivalishwe karatasi safi, hata ya kukunja mwenyewe, zisisuguane uso kwa uso.

Na kama kwa mzee mtakuta zile nzito za mzunguko 78, inchi 10, hizo si vinaili, ni shelaki, hazipindi kirahisi lakini zinavunjika kama kigae, ikianguka tu imekwisha. Zikae peke yake, zisimame, katikati ya moja na nyingine weka kadibodi. Na msizifute kwa spiriti, spiriti inayeyusha shelaki.

Kuna wanaopendelea kununua kesi za tayari, zile za madijei zenye kingo za alumini, sikatai, zipo nzuri. Ila usinunue kwa kung'aa. Ifungue uingize mkono upapase ndani, ukikuta ncha za riveti zimetokeza acha. Ishike mshikio uinyanyue ikiwa imejazwa kitu kizito, na muuzaji akikataa kuijaza muage uende zako. Angalia bawaba, angalia kama ukuta ni ubao kweli au kadibodi iliyovishwa plastiki. Niliwahi kuona moja duka fulani la mjini, nje inapendeza sana, ukibonyeza ubavu kwa kidole gumba unaingia. Zile kontena za plastiki za kuwekea nguo pia naziona sana, kitako chake kinabonyea ukishajaza LP na vifuniko vinapasuka, kwa safari hazifai.

Safari yenyewe sasa. Kwenye basi sanduku likae miguuni kwako au kwenye siti, si kwenye keria juu ya paa na si kwenye buti upande wa injini, konda akigomba mlipie siti. Gari binafsi weka chini nyuma ya siti ya mbele, lifunike kitenge au blanketi, na ukisimama kula Boma Ng'ombe au Usa River shuka nalo. Hizo mlizozitoa migombani zenye ukungu msizichanganye na nzima, zianikwe kivulini kwanza, zifutwe kwa kitambaa laini, makava yapate hewa siku kadhaa.

Basi wenye safari ya kupanda Desemba hii, agizeni masanduku kuanzia sasa, mafundi wakianza kazi za vitanda na makochi ya sikukuu hawatakuwa na muda, na vanishi nayo inataka wiki zake za kukauka.

Msomaji wako,
Majengo, Moshi