Kromosomu 16 na kipimo changu cha sukari

Mhariri,

Makala yenu ya Jumatano kuhusu vinasaba ilisema kwamba wanasayansi walimaliza kusoma urithi wa binadamu mwaka 2003. Mimi ni mstaafu wa maabara hapa Busia, tena mgonjwa wa kisukari, kwa hiyo sikuweza kunyamaza.

Mradi wa kimataifa wa kusoma urithi huo ulifungwa 2003, kweli. Lakini sehemu ngumu zilibaki na mapengo hadi 2022, na kromosomu Y, yaani ule uzi wa urithi walio nao wanaume (kromosomu ni nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli), ikangoja mpaka 2023. Halafu kupata mpangilio wa herufi A, C, G na T, zile kemikali nne zinazoandika urithi, bado si kuuelewa. Lazima watu wakae waonyeshe jeni, yaani kinasaba kimoja, inaanzia wapi na kuishia wapi, ipi inafanya kazi gani, ipi ilikwisha kufa zamani. Kazi hiyo mwandishi wenu hakuigusa kabisa.

Chukueni kromosomu 16, ambayo ripoti ya mpangilio wake ilichapishwa 2004. Ina herufi milioni 90 hivi. Karibu na ncha yake moja zimekaa jeni mbili jirani, HBA1 na HBA2, zinazotengeneza sehemu ya hemoglobini, ile protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, na zinafanana mno. Wakati yai au mbegu ya uzazi inapoundwa, kromosomu mbili zikikosa kulingana mahali hapo, jeni moja hupotea pamoja na herufi 3,700 hivi. Hata mashine zinazosoma vipande vifupi hubabaika hapo, mfano wa karani wa kura aliyeona mapacha akaandika jina moja akafunga daftari.

Upungufu huo wa jeni moja wanao watu wengi hapa Uganda, kwa sababu humkinga mtu na malaria kali. Utafiti uliochapishwa 2019, wa watu wapatao 6,400 wa Kyamulibwa, wilaya ya Kalungu, ulionyesha kwamba unahusiana na HbA1c, kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu, kinachopima sukari iliyoshikamana na hemoglobini. Kwa Wazungu upungufu huu ni nadra, sasa watafiti wa huko wangeuona wapi? Maana yake ni kwamba namba kwenye karatasi ya mgonjwa inaweza kusogezwa na hali ya chembe zake nyekundu, wala si sukari peke yake. Aliyerithi selimundu, ile hitilafu ya hemoglobini inayopinda chembe nyekundu kama mundu, kwa mzazi mmoja naye yumo humo.

Na jambo ambalo waandishi wa habari mngelifurahia: takribani asilimia 70 ya mpangilio ule wa mwanzo, ambao dunia nzima iliufanya kipimo cha kulinganishia, ilitoka kwa mwanamume mmoja asiyetajwa jina. Alipatikana kwa tangazo la gazeti mjini Buffalo, Marekani, mwaka 1997. Tangazo la gazeti, Mhariri!

Naomba msahihishe ule mwaka. Na mkirudi kuandika habari za kisukari, waulizeni madaktari kwa niaba yetu: mgonjwa mwenye selimundu au upungufu huu asomewe vipi HbA1c yake? Mimi huomba nipimwe pia sukari ya asubuhi kabla ya chai, na wauguzi wamenizoea. Lakini asitokee msomaji akaacha dawa kwa ajili ya barua hii.

Mstaafu wa maabara,
Busia, Uganda