Barua kwa mwanangu Atieno, Nakuru

Mwanangu Atieno,

Salamu nyingi kutoka Kisumu. Sisi huku tu wazima. Mama yako anauliza kama Nakuru hakuna sukuma wiki, maana kila akikupigia simu unakula chapati na maharagwe. Haya, tuje kwenye kazi yako.

Umesema mwalimu amewataka mfuatilie gazeti moja la eneo muhula mzima, nawe umechagua la huku kwetu, unalisoma kwenye simu. Vizuri. Ila zile hesabu ulizonitumia, za habari ngapi kwa siku na ngapi zina video, zilinitia usingizi. Nimeuza magazeti mjini hapa tangu hujazaliwa, na hakuna mteja aliyewahi kuniuliza gazeti lina habari ngapi. Wao huuliza, "Ile stori ya juzi iliishia wapi?"

Ungefuata hilo. Masika yakikolea na Mto Nyando kuvunja kingo, Ahero na nyanda za Kano hupanda ukurasa wa kwanza: mama amejitwisha godoro, maji kiunoni, na mheshimiwa kando yake amevaa gambuti mpya. Maji yakishuka, kimya. Agosti ikifika, ni nani anayerudi kuuliza wale watu wanalala wapi, au kama tuta la kuzuia maji lililoahidiwa lilijengwa? Mwaka wa 2020 Ziwa Victoria lilipanda kuliko ilivyowahi kupimwa hadi wakati huo. Itafute habari hiyo, uone gazeti lako liliachia wapi.

Picha nazo zitazame kwa jicho la mama anayenunua samaki wa mbuta, anayefunua matamvua kwanza aone kama ni mbichi. Muuza omena mmoja wa soko la Kibuye huchukua kwangu magazeti ya zamani ya kufungia. Majuzi nikimhesabia, nikaona picha ya mtumbwi uliokwama kwenye magugu maji. Ndiyo ile ile uliyonionyesha likizo, chini ya habari mpya! Upepo huyahamisha magugu yale kutoka upande mmoja wa ghuba hadi mwingine. Picha ya zamani itakuambiaje ziwa likoje leo?

Tena gazeti la karatasi likikosea, kosa linabaki mkononi mwa mteja, naye atanirudia nalo asubuhi. Kwenye simu kichwa cha habari hubadilishwa mchana na hakuna anayesema. Kanuni za maadili ya wanahabari wa Kenya zinataka kosa lirekebishwe haraka. Kwa hiyo piga skrinshoti asubuhi, na nyingine jioni.

Babu yako alikuwa akilitaja sana Ramogi, gazeti la Kijaluo alilolihariri Achieng Oneko kabla ya kukamatwa pamoja na Kenyatta mwaka wa 1952. Lilimjua msomaji wake. Hilo lako wakati mwingine huandika "Kisumu, mji ulio kando ya Ziwa Victoria." Linamwambia nani? Mtu wa Nairobi, bila shaka. Hesabu sentensi kama hizo, basi, kama lazima uhesabu.

Nimekutumia pesa za bando kwa M-Pesa. Ukipata jina la afisa wa kaunti aliyeahidi lile tuta, mpigie wewe mwenyewe, usingoje mwandishi wao ampigie. Akikujibu, niambie kabla hujampa mwalimu.

Baba yako