Kampeni ya kupima saratani bila gesi ya kutibia

Ndugu Mhariri,

Msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba wanawake wa vijijini wanakufa kwa saratani ya mlango wa kizazi kwa uzembe wao, laiti angeketi barazani kwangu asubuhi moja. Mimi ni muuguzi mkunga mstaafu, mkoani Lindi. Nimepima wanawake kwa siki miaka mingi, na hao wazembe wake wananifuata nyumbani mpaka leo.

Majuzi alikuja jirani yangu muuza maandazi. Alisikia gari la matangazo, akaacha biashara, akaenda kituo cha afya. Kipimo chenyewe hakina makuu: mlango wa kizazi unapakwa maji ya siki, unasubiri dakika moja hivi, na penye chembe zilizoanza kuharibika panageuka peupe. Taa na macho yaliyofundishwa vinatosha, na jibu unalipata kabla hujashuka kitandani. Yeye alikutwa na doa. Akaambiwa gesi ya tiba mgando, ile ya kuligandisha doa kwa baridi kali, imeisha, arudi. Karudi, gesi bado. Sasa halali, anajiona ana saratani, ilhali doa lile si saratani bado, na kuligandisha hakufiki robo saa.

Faida ya siki ni kupima na kutibu siku hiyohiyo. Papsmia, kipimo cha kukwangua chembe na kuzipeleka maabara kwenye kioo, ilitushinda huku kwetu kwa sababu slaidi inasafiri, jibu linachelewa, na mwanamke hapatikani tena. Tukipima kwa siki kisha tukamwambia mtu arudi, tofauti iko wapi?

Wahindi walilipima jambo hili Mumbai kwa wanawake wapatao 150,000. Kundi moja lilipewa elimu. Jingine lilipewa elimu, likapimwa kwa siki na wahudumu waliofundishwa wiki nne tu, na waliokutwa na tatizo wakapelekwa kutibiwa. Baada ya miaka 12, vifo vya saratani hii katika kundi lililopimwa vilikuwa pungufu kwa asilimia 31. Gari la matangazo bila gesi linatuacha kwenye kundi la elimu.

Gesi ikisumbua, kipo kifaa cha kushika mkononi kinachotumia betri, kinachoma doa kwa joto la nyuzi 100 hivi kwa muda usiozidi dakika moja. Shirika la Afya Duniani lilikitolea mwongozo mwaka 2019. Kuhusu kipimo cha HPV, kirusi kinacholeta saratani hii, ambacho mwanamke anajichukulia sampuli mwenyewe faraghani, nakiunga mkono, hasa kwa wanaoona haya. Na mashine zilezile za kifua kikuu zinaweza kukisoma. Ila kirusi kikionekana, tunarudi palepale: atatibiwa na nini? Na bibi zetu waliokoma hedhi wasiambiwe wako salama kwa siki peke yake, maana sehemu inayotakiwa kuonekana huwa imeshaingia ndani.

(Waume nao waelezwe. Baada ya tiba mama anapumzika tendo la ndoa mwezi hadi wiki sita. Niliwahi kuwaandikia baadhi yao karatasi yenye mhuri, ndipo wakaamini.)

Ombi langu kwa waganga wakuu wa wilaya ni dogo. Mitungi ikaguliwe kwanza, ndipo gari litoke, na tangazo litaje kwa majina vituo vyenye gesi wiki hiyo. Kisicho nayo kisitajwe.

Muuguzi Mkunga Mstaafu,
Lindi